Tunafundisha kompyuta, lakini alama za vijana wetu zinalala kabatini



Juma lililopita binti mmoja alikuja kunitafuta. Alimaliza informatika miaka miwili iliyopita, na katika promosheni yake alikuwa kati ya watatu wa kwanza. Leo anaishi na mama yake na wadogo zake wanne katika familia iliyowapokea. Nyumba yao waliiacha usiku, risasi zikilia. Hakuja kuomba unga. Alifungua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha fomu ya kuomba nafasi ya masta pamoja na burse. Alikuwa amejaza karibu kila kitu: majina, tarehe, na barua ya kueleza anachotaka kutafiti. Sehemu mbili tu zilibaki wazi: orodha ya alama zake za miaka yote, na barua za maprofesa wawili. Zilibaki siku tisa.

"Papa," akaniambia, "wewe unajulikana na watu. Huwezi kunisemea kule shuleni wanitafutie releve yangu?"

Nilimsemea. Jibu lilikuwa hivi: madaftari ya alama za mwaka ule hayaonekani, kabati lilivunjwa wakati wa mapigano, na aliyekuwa na ufunguo amekimbia. Profesa wa kwanza hakupatikana. Wa pili alimwambia binti aandike barua yeye mwenyewe, aje nayo pamoja na kitu kidogo, naye atatia sahihi. Siku tisa zikapita, na fomu ikafungwa.

Watu wengi watasema: ni vita. Mimi nasema ni vita, lakini si vita peke yake. Vita ilivunja kabati. Lakini nani aliyeweka maisha ya promosheni nzima ndani ya kabati moja?

Tena fikirini ni kabati la shule gani. Ni shule ya informatika. Kila mwaka wanafunzi wetu wanatetea TFC na memwari zao, na ukisoma vichwa vyake utaona karibu vyote vinafanana: kuunda hifadhidata ya kusimamia wagonjwa wa hospitali fulani, hifadhidata ya bidhaa za duka fulani, hifadhidata ya wafanyakazi wa shirika fulani. Jopo linapiga makofi, kitabu kinafungwa, kinawekwa kwenye rafu, vumbi linaanza kazi yake. Na wakati huohuo alama za mwanafunzi yule yule zinaandikwa kwa kalamu kwenye daftari moja, katika ofisi moja, chini ya paa moja. Tumewafundisha watoto kutunza habari za watu wengine, na sisi tumeshindwa kutunza za kwao.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana? Sababu masomo ya juu ya kompyuta ni moja ya njia chache zilizobaki wazi kwa kijana asiye na mjomba mkubwa serikalini. Acheni niwaeleze njia zenyewe, maana wazazi wengi hawazijui.

Kuna AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati. Ilianza Afrika Kusini mwaka 2003, na baadaye ikafungua vituo Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Masta yake ni ya hisabati inayotumika, na kompyuta imo ndani yake. Wanaochukuliwa wengi hulipiwa masomo, malazi na chakula, na kupeleka maombi ni bure. Kuna tawi la chuo kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, lililoko Kigali tangu mwaka 2011, linalotoa masta za teknolojia ya habari na uhandisi, nalo lina burse kwa Waafrika. Najua kuna familia ambazo kutaja mji huo, siku hizi, ni kugusa kidonda. Siwalaumu. Natoa habari, kila nyumba itaamua yenyewe.

Umoja wa Ulaya una masta za Erasmus Mundus, ambazo mwanafunzi husoma katika nchi mbili au zaidi. Anayepata burse yake hupewa euro 1,400 kwa mwezi, na ada ya masomo halipi. Huko Marekani, vyuo vingi humlipa mwanafunzi wa doktora ya kompyuta mshahara mdogo na kumsamehe ada, na vingi vinakubali aingie bila kupitia masta kwanza. Maombi yake kwa kawaida hufungwa mwezi wa Desemba. Vingi vinadai ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 75 na 125, lakini mwombaji anaweza kuandika kuomba asamehewe, na wapo wanaosamehewa. Wengi wetu hatuombi sababu hatujui kwamba inaombwa.

Na kwa wale waliovuka mpaka wakapata karatasi ya ukimbizi, kuna burse ya DAFI, inayolipwa na Ujerumani kupitia HCR tangu mwaka 1992. Hiyo ni ya digrii ya kwanza, si ya masta. Lakini angalieni vizuri: ni ya mkimbizi aliyetoka nje ya nchi yake. Mhami wa vita aliyebaki ndani ya Kongo hahesabiwi. Ndiyo maana kijana wetu wa ndani ana taabu mara mbili: hana karatasi ya mkimbizi, na karatasi za shule yake zimepotea.

Njia zote hizi, ukiziangalia, zinauliza mambo yaleyale: alama zako ziko wapi, nani anakujua kazini, unataka kutafiti nini. Swali la tatu kijana anaweza kulijibu mwenyewe, hata akiwa chini ya turubai. Maswali mawili ya kwanza yako mikononi mwa shule. Hapo ndipo maoni yangu yanapoegemea: deni hili ni letu, si la Wazungu.

La kwanza, alama. Naomba kila shule kuu ya informatika ichukue TFC moja tu kati ya zile zilizolala kwenye rafu, iipeleke kazini: alama zote ziandikwe kwenye kompyuta, na nakala ihifadhiwe mahali pengine, katika mji mwingine au kwenye seva ya nje. Wanafunzi wenyewe wanaweza kuifanya kazi hiyo kama mazoezi ya kazi. Wakati huohuo, bei ya releve ibandikwe ukutani, pamoja na siku inayochukua. Kijana ambaye mama yake anauza makaa hawezi kulipa bei ya ofisi, kisha matabishi ya apariteri, kisha tena ya mwenye muhuri.

Releve ieleze pia mfumo wetu. Zamani tulikuwa na graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili juu yake, jumla mitano. Leo, katika mfumo wa LMD, licence ni miaka mitatu, halafu inafuata masta ya miaka miwili. Neno ni moja, miaka ni tofauti. Afisa wa chuo cha mbali akiona "licence" atadhani ni miaka mitatu, na aliyesoma mitano atahesabiwa mitatu. Karatasi moja ya shule, yenye kueleza hesabu hiyo, ingemwokoa kijana.

La pili, barua za maprofesa. Siku hizi chuo kinampelekea profesa kiungo kwa imeili, naye anatuma barua moja kwa moja, mwanafunzi haioni. Barua inayosema tu "ni kijana mwenye bidii na adabu" haina uzito. Wanachotaka ni alichokiona profesa: programu gani kijana aliandika, alikwama wapi, alitokaje, ni wa ngapi kati ya wangapi. Kumwambia mtoto ajiandikie barua mwenyewe ni kumnyima ushahidi pekee ambao hawezi kujitolea. Na kumdai pesa ni aibu. Waheshimiwa maprofesa, najua mishahara yenu inachelewa, najua nanyi pia mmekimbia. Lakini kuna waliowaandikia ninyi barua enzi zenu, na hawakuwauliza matabishi.

Sasa niseme na vijana wenyewe, sababu lawama haziko upande mmoja. Wengi wanangoja burse kama mtu anayengoja gari barabarani. Mtafiti anajulikana kwa kazi aliyoifanya, hata ndogo. Kuna kundi la Masakhane, la watafiti wa Afrika wanaofundisha kompyuta lugha zetu, lililoanza mwaka 2019. Tangu mwanzo liliwapokea hata watu wasio na vyeo vya chuo: watafsiri, walimu, wanafunzi. Kuna pia Deep Learning Indaba, mkutano wa kila mwaka wa wanaosomea akili bandia barani, ulioanza Johannesburg mwaka 2017. Huko ndiko kijana anaweza kukutana na watu watakaomjua kwa kazi yake.

Na kazi ipo. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watafiti waliotayarisha tafsiri za habari za ugonjwa kwa lugha zaidi ya 30 walikitenga Kiswahili cha Kongo na Kiswahili cha pwani, kila kimoja mahali pake. Waliona kwamba mama wa Bukavu hasemi kama mama wa Mombasa. Basi nani atakayeifundisha mashine Kiswahili chetu cha Kivu, cha Ituri na cha Katanga, pamoja na Kifaransa tunachokichanganya humo? Hilo ni swali la kweli la utafiti, na anayelala na kuamka ndani ya lugha hii ana faida ambayo mwanafunzi wa Ulaya hana. Kijana anaweza kuanza na simu, daftari na mega chache.

Tena, vijana, jihadharini na makomisheni wa WhatsApp. Burse ya kweli haiombi pesa ya "kufungua faili". Kama chuo kina ada ya maombi, inalipwa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu.

Najua kuna mzee anayenisikiliza sasa akisema: watoto wanalala njaa, wewe unatuletea habari za doktora. Mzee wangu, nakuelewa. Lakini shamba lako limekaliwa, ng'ombe wamechukuliwa, duka limevunjwa. Kitu kimoja ulichonunua kwa miaka mingi ya minervali hakikuibiwa: kile kilicho kichwani mwa mtoto wako. Ni haki tukipiganie kama tunavyopigania unga. Mwingine atasema wakienda hawarudi. Wengine hawatarudi, ni kweli. Lakini hata asiyerudi hutuma pesa nyumbani, huandika barua kwa ajili ya mdogo wake, hufungua njia. Kumzuia abaki bila kazi wala karatasi hakumfanyi awe mjenzi wa taifa.

Na kwenu mnaotoa burse, kama sauti hii inawafikia: pokeeni picha ya simu kwanza, ya asili ije baadaye. Inawezekana. Nchini Zambia, mwaka 2019, UNESCO ilianza kujaribu pasipoti ya masomo kwa wakimbizi: wanapima karatasi chache alizo nazo mtu, wanazungumza naye kwa mahojiano, wanaandika walichothibitisha. Kama mkimbizi aliyevuka mpaka anaweza kupimwa hivyo, kwa nini mhami wa ndani asipimwe?

Namaliza na kazi ya kila nyumba. Leo jioni, kabla ya kulala, toeni diploma ya serikali, vyeti vya kuzaliwa na releve zote. Pigeni picha mbele na nyuma, kwenye mwanga mzuri. Tumeni kwa imeili yenu na kwa ndugu mmoja aliye mbali. Msingoje mlio wa kwanza wa risasi.

Binti yule nilimwuliza jana kama amekata tamaa. Akasema maombi yatafunguliwa tena mwakani, na tayari anawatafuta wenzake wa promosheni, mmoja mmoja, kuona nani bado ana nakala ya matokeo yaliyobandikwa ukutani siku ile. Amepata picha ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Anatafuta ya mwaka wa pili. Kama wewe ulisoma naye, au kama ulikuwa na ufunguo wa kabati lile, unajua la kufanya.

Haya ni maoni yangu, mimi mwandishi wenu.