Till ama Paybill? Usimfiche mteja nyuma ya kichupo

Ukifungua kurasa nyingi za msaada wa pesa kwa simu, juu unakuta vitufe vimepangwa mstari: Till, Paybill, Tuma Pesa. Ukibonyeza kimoja, maelezo yake yanatokea na mengine yanajificha. Hivyo ndivyo vichupo. Ni safi machoni, na kwa skrini ndogo vinapunguza kuteremka chini weee. Shida ni kwamba kichupo kinakuuliza swali kabla ya kukusaidia, na mara nyingi jibu la swali hilo ndilo ulikuja kutafuta.

Chukua mpangaji wa Donholm, Phase 8, tarehe tano. Amepewa namba ya kulipia nyumba. Ni Till ama Paybill? Yeye anaona namba tu. Till inataka namba na kiasi, basi. Paybill inataka pia namba ya akaunti, ambayo kwa kodi mara nyingi ni namba ya nyumba. Ukiandika B4 badala ya B14, pesa inafika kwa mwenye nyumba lakini inahesabiwa kwa jirani, na wewe bado unadaiwa. Maelezo ya hizi mbili yakae pamoja, moja chini ya nyingine, ndio tofauti ionekane.

Halafu kuna skrinishoti. Watu wetu hawatumiani linki sana, wanatumiana picha kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Picha inabeba kichupo kilichofunguliwa pekee.

Sisemi vichupo vitupwe. "Simu janja" na "Kabambe" ni vichupo vizuri, maana kila mtu anajua simu aliyonayo. M-Pesa yenyewe ilianza 2007 kwenye menyu ya laini, na menyu hiyo bado inatumika. Ila kabambe isisukumwe mwisho kila mara: anayesoma ukurasa kwa simu janja huenda anamwelekeza mamake aliye na kabambe.

Na njia ya kurudishiwa pesa iliyoenda kwa mtu mwingine isiwekwe kwa kichupo chochote. Kwa M-Pesa, kwa mfano, unaituma ile SMS ya muamala kwa 456. Hiyo iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa, kabla ya kitufe cha kwanza.