Mafuta Mazito Hayaondoi Sumu

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama wa nyumbani,

Wengi wanauliza: mtu akipata bidoni ya mafuta mazito ya magari ya mashindano, ayatie katika motere gani?

Mafuta hayo si mabaya. Motere ya zamani iliyochakaa inaweza kufanya kazi vizuri na 20W-50, kama kitabu chake kinakubali. Lakini mafuta ya mashindano yalitengenezwa kwa motere inayokimbia katika moto mkubwa, na hubadilishwa upesi. Mengi yana dawa kidogo ya kusafisha uchafu, na motere ya nyumbani hukaa na mafuta yake siku nyingi. Tena, asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7, mafuta mazito huchelewa kupanda, na vyuma husuguana vikavu. Grupe ndogo nyingi zinaomba SAE 30 au 10W-30. Fuata kitabu. Yanayobaki, paka bawaba za mlango, au majembe yasishike kutu.

Mimi ninaogopa jambo lingine. Motere iliyochakaa hutoa moshi wa buluu, kwa sababu mafuta yanapenya na kuungua. Ukitia mafuta mazito, moshi huo unapungua. Mwenye grupe anasema: «Imepona!» Kisha anaiingiza jikoni au barazani, kwa kuogopa wezi na mvua.

Haikupona. Moshi wa buluu ni wa mafuta. Sumu inayoua inatoka katika esansi inayoungua, motere ikiwa mpya au ya zamani. Jina lake ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na kulegea. Watu hufikiri ni malaria. Lakini kama watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na grupe inawaka, msiende kulala. Tokeni nje wote, watoto kwanza, kisha mwende hospitali upesi. Anayetoka na kujisikia vizuri, naye apimwe.

Grupe ikae nje, metre 6 au zaidi mbali na nyumba, moshi wake usielekee mlango wala dirisha. Kufungua dirisha hakutoshi. Kwa wezi, ifunge kwa mnyororo. Kwa mvua, ijengee paa dogo lisilo na kuta.

Chini ya ardhi, mchimbaji hapaswi kukubali motere iwake pasipo hewa kupita. Kiongozi akilazimisha, tungekataa sote. Kwa nini basi tukubali jambo hilo mahali watoto wetu wanapolala?