Adenomaiosisi: Kutoa kizazi si njia pekee, lakini nani atakwambia?

Binti wa miaka 27 akieleza kwamba hedhi humlaza siku nne kila mwezi, mara nyingi atarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu na ule ushauri wa shangazi: jikaze, ukizaa itaisha. Kifo cha mtangazaji Njambi Koikai mnamo Juni 2024 kiliwafanya Wakenya waongee kuhusu endometriosisi. Ndugu yake, adenomaiosisi, bado hatajwi sana.

Hapa, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota katikati ya misuli ya ukuta wake, na kila mwezi huvimba na kuvuja damu humo humo. Zamani ugonjwa huu ulithibitishwa maabarani baada ya mfuko kutolewa, ndiyo maana ukaitwa ugonjwa wa akina mama wa miaka 40 kwenda juu. Si kwamba wasichana hawakuugua, ni vile hakuna aliyewatoa kizazi ili aangalie. Skani ya ukeni na MRI zimebadilisha hayo.

Matibabu nayo yamesonga. Koili yenye homoni, ile ya kupanga uzazi, hupunguza damu na maumivu kwa miaka kadhaa, na ukitaka mimba inatolewa. (Uvumi wa saluni kwamba koili humaliza kizazi huniudhi hapa hasa: watu wanakataa kitu ambacho kingewaokolea kizazi hicho.) Kuna pia kuziba mishipa. Daktari wa radiolojia hupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani au mkononi hadi kwenye mishipa inayolisha mfuko, kisha huachilia chembe ndogo za kuzuia damu. Tumbo halipasuliwi. Njia hii ilianza kutumika dhidi ya fibroidi huko Ufaransa miaka ya 1990, kwa hivyo si kitu cha jana. China nako hutumia sana mawimbi ya sauti kuchoma sehemu iliyougua.

Si miujiza. Wapo wanaorudiwa na dalili, na ushahidi kuhusu mimba baada ya kuziba mishipa bado ni mchache.

Shida kubwa ni kwamba chumba cha upasuaji cha kaunti kinaweza kutoa kizazi, ilhali kuziba mishipa kunahitaji mashine maalum na wataalamu ambao ni wachache, wengi wao Nairobi. Tanzania ilianza kuwafunza wake Muhimbili. Sisi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, na ni haki kuuliza mapema italipia nini.

Ukiambiwa kizazi kitoke, uliza skani ilionyesha nini hasa, kama koili imejaribiwa, na ni nani wa kuziba mishipa unayeweza kutumwa kwake. Kutoa kizazi ndiyo tiba inayomaliza ugonjwa huu kabisa, na wapo wanaoichagua kwa hiari, lakini wawe wamesikia zile nyingine kwanza.