Wengi Wape, Lakini Wawe Wengi Kweli

Ijumaa moja alasiri wanafunzi wangu walikuwa na mjadala. Huo ni wakati ambapo jua hupiga mabati ya darasa na macho ya wengi huwa mazito, lakini siku hiyo hakuna aliyesinzia. Hoja ilikuwa hii: mbunge anayepiga kura kinyume na matakwa ya wapiga kura wake aondolewe kabla ya muhula wake kumalizika. Watetezi walinena kwamba mbunge ni mjumbe, na mjumbe asiyefikisha ujumbe hana kazi. Wapinzani wakajibu kwamba tulimchagua atumie akili yake, wala abiria hawamnyang'anyi dereva usukani kila anapokata kona.

Mimi nilikuwa mwamuzi, na nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa pamoja na wapinzani. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa kura ya mbunge bungeni si sababu ya kumwondoa, basi sababu ni ipi? Kupiga kura si ndiyo kazi tuliyomtuma?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kengele iliniokoa, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani. Leo nataka kulijibu, na nitalijibu kwa kisa kilichotokea katika jimbo la Colorado nchini Marekani, kwa kuwa huko swali hilo halikuishia darasani. Lilipelekwa kwenye debe la kura.

Colorado ni jimbo linaloyajua machungu ya bunduki. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya upili ya Columbine waliwaua siku hiyo wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Tarehe 20 Julai 2012 mtu mwenye silaha aliingia katika ukumbi wa sinema mjini Aurora, akaua watu 12 na kujeruhi makumi ya wengine. Mwaka huo haujaisha, tarehe 14 Disemba, watoto 20 na watu wazima 6 wakauawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Sidhani kuna mwalimu awezaye kusoma habari kama hizo bila ya kuinua macho na kuwahesabu watoto walio mbele yake.

Bunge la Colorado lilichukua hatua. Mnamo Machi 2013 Gavana John Hickenlooper alitia sahihi sheria mpya. Moja ilipiga marufuku uuzaji wa makasha yanayobeba zaidi ya risasi 15. Nyingine iliamuru kwamba mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza kama ana rekodi ya uhalifu, hata kama anainunua kwa mtu binafsi wala si dukani. Kwa mtazamo wetu wa huku, ambako raia hapati leseni ya silaha ila kwa masharti magumu, sheria hizo ni za upole.

Lakini tusiwahukumu watu kwa mizani ya kwetu. Katiba ya Marekani, katika marekebisho yaliyoidhinishwa mwaka 1791, inataja haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Kwa wafugaji na wawindaji wengi wa Colorado, bunduki ni mali ya kurithiwa, kama vile panga na jembe kwa mkulima wetu. Watu hao waliona wameguswa pabaya. Aidha, walilalamika kwamba wengi waliofunga safari hadi Denver kutoa maoni yao hawakupata nafasi ya kusikizwa. Walihisi kwamba kwa maseneta wao, wao ni chura tu, na kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Ndipo walipoikumbuka fimbo yao. Tangu mwaka 1912 Katiba ya Colorado imewapa wananchi uwezo wa kumwondoa mtu waliyemchagua kabla ya muhula wake kwisha. Masharti yake ni mepesi: zikusanywe sahihi zinazofikia robo ya kura zilizopigwa mara ya mwisho kwa ajili ya kiti hicho. Hakuna haja ya kuthibitisha kosa mbele ya hakimu. Hata hivyo, kwa karne nzima fimbo hiyo ilikuwa haijampata mjumbe hata mmoja wa bunge la jimbo.

Mwaka 2013 iliwapata wawili. Wa kwanza alikuwa John Morse wa Colorado Springs, kiongozi mkuu wa Seneti, ambaye zamani alikuwa afisa wa polisi. Wa pili alikuwa Angela Giron wa Pueblo. Kule Pueblo mmoja wa walioongoza ukusanyaji wa sahihi alikuwa fundi wa mabomba, wala si mwanasiasa. Baadaye mafahali wakubwa waliingia uwanjani: chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilimwaga zaidi ya dola 300,000 upande mmoja, Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, akamwaga kiasi kama hicho upande wa pili. Jumla ya fedha za waliowatetea maseneta ilizipita kwa mbali za waliotaka waondoke. Hata hivyo, tarehe 10 Septemba 2013 maseneta wote wawili waliangushwa.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji achukue kalamu na karatasi. Mwaka 2010 Morse alichaguliwa kwa zaidi ya kura 13,000. Mwaka 2013 aliondolewa kwa kura zaidi kidogo ya 9,000, na tofauti baina ya pande mbili ilikuwa kura 319 tu. Waliojitokeza walikuwa kama mtu mmoja kati ya watano walioandikishwa. Wengi wa wapiga kura wa jimbo hilo walikuwa wamezoea kupokea karatasi za kura kwa posta. Safari hiyo mahakama iliamua kwamba wagombea wana haki ya kujitokeza hadi siku 15 kabla ya uchaguzi, na hivyo haikuwezekana karatasi hizo zitumwe kwa wakati. Aliyekuwa na hasira alipanga foleni, na aliyekuwa ameridhika akabaki nyumbani. Hata Pueblo, ambako Giron alishindwa kwa asilimia 56 dhidi ya 44, waliomwondoa hawakufika idadi ya waliokuwa wamemchagua.

Na je, fimbo hiyo ilizaa nini? Sheria hazikufutwa. Chama cha Democratic kilibaki na wingi mwembamba wa maseneta 18 kwa 17. Seneta wa tatu, Evie Hudak, alipoona sahihi zinakusanywa dhidi yake, alijiuzulu Novemba 2013 ili chama chake kimteue mrithi. Uchaguzi wa kawaida ulipofika Novemba 2014, viti vya Morse na Giron vyote viwili vilirudi kwa wagombea wa chama chao. Mnamo Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba sheria ya makasha ya risasi haikiuki Katiba ya jimbo.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani katika hesabu za kura, nalo ni woga. Mwaka 1994 kiongozi wa Seneti ya California, David Roberti, alitakiwa kuondolewa kwa sababu alikuwa ametunga sheria ya mwaka 1989 ya kuzuia bunduki za kivita, iliyopitishwa baada ya watoto watano kuuawa katika uwanja wa shule mjini Stockton. Roberti alinusurika, lakini nguvu na fedha alizotumia kujiokoa zilimpungukia katika kinyang'anyiro cha kuteuliwa kugombea uweka hazina wa jimbo, naye akashindwa. Mwaka 2019, tena kule Colorado, mjumbe Tom Sullivan alianzishiwa kampeni ya kumwondoa kwa kutetea sheria ya kumnyang'anya kwa muda silaha mtu ambaye mahakama imemwona ni hatari. Sullivan huyo ni baba aliyempoteza mwanawe katika ukumbi ule wa Aurora. Kampeni hiyo ilifutwa kabla ya kufika kwenye kura, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kufika. Mjumbe anayeijua hatari hiyo hujiuliza ni nani atakasirika kabla ya kujiuliza lililo haki.

Baada ya kuyaona hayo yote, ingekuwa rahisi kwangu kusema kwamba haki hii ya kuwaondoa wabunge ni balaa na ifutwe. Sisemi hivyo. Mimi naziunga mkono sheria zile za Colorado, na laiti ningekuwa mpiga kura wa Morse ningemtetea. Lakini haki ya mwananchi haipimwi kwa mtu ninayekubaliana naye. Yule fundi wa mabomba alikuwa na haki ya kukusanya sahihi zake. Uchaguzi wa kila baada ya miaka kadhaa ni fimbo ya mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Tatizo la Colorado, kwa maoni yangu, halikuwa sababu ya kuwaondoa maseneta. Lilikuwa idadi ya waliowaondoa.

Hapo ndipo tunaporudi nyumbani, kwa maana fimbo hiyo sisi pia tunayo, japo imefungwa kabatini. Kifungu cha 104 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mpiga kura haki ya kumwondoa mbunge wake, na kuliagiza Bunge litunge sheria ya kuitekeleza. Wabunge wakaitunga sheria hiyo mwaka 2011, na ni nani asiyejua kwamba kesi ya ngedere haiwezi kuamuliwa na nyani? Walidai kwanza Mahakama Kuu iwe imempata mbunge na hatia. Walidai sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa. Kisha walidai kwamba wanaokubali aondoke wawe angalau nusu ya walioandikishwa wote. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba baadhi ya masharti hayo yanapingana na Katiba. Juni 2024 vijana wetu walipofurika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wengi walitaja majina ya wabunge walioupigia kura ya ndiyo na kutaka warudishwe nyumbani. Haki ilikuwa imeandikwa, lakini njia ya kuifikia haikuwapo.

Basi Colorado mlango uko wazi mno hata upepo unaweza kumtoa mtu nje. Kwetu umepigiliwa misumari. Hebu tutazame mfano wa mbunge aliyeshinda kwa kura 20,000 katika eneo lenye wapiga kura 80,000. Kwa kipimo cha Colorado, siku ambayo watu 9,000 tu watajitokeza, kura 5,000 zingetosha kumwondoa. Kwa kipimo cha sheria yetu ya 2011, zingehitajika 40,000, yaani mara mbili ya zile zilizompa kiti. Kipimo cha kwanza kinamwonea mbunge na cha pili kinamwonea mwananchi.

Kuna kipimo cha tatu, nacho si cha kubuni. Katiba ya Venezuela ya 1999, katika kifungu chake cha 72, inasema kwamba aliyechaguliwa huondolewa iwapo wanaotaka aondoke ni sawa na waliomchagua au zaidi, mradi robo ya walioandikishwa wamepiga kura. Siisifu siasa ya nchi hiyo, ambayo ina maovu yake mengi. Naisifu hesabu hiyo tu. Mwajiriwa huachishwa kazi na mwajiri wake, na mwajiri wa mbunge ni ile idadi ya watu waliompa kura. Wakipatikana watu 20,000 wa kumkana aliyechaguliwa na 20,000, nao wakawa wengi siku ya kura, na aende, bila ya kuulizwa alikosa nini. Wasipopatikana, akae, hata kama amewaudhi 19,000.

Atasema mtu kwamba kwa njia hiyo anayebaki nyumbani anakuwa kama amemtetea mbunge. Ni kweli, wala sioni ubaya. Kumwondoa mtu katikati ya safari ni jambo zito, na anayelitaka ndiye anayepaswa kubeba mzigo wa kuwatoa wenzake majumbani. Anayeshindwa kufanya hivyo bado anao uchaguzi wa kawaida, kama wapiga kura wa Colorado walivyoonyesha mwaka 2014.

Sasa ninaweza kumjibu mwanafunzi wangu. Mwanangu, ulisema kweli nami nilikosea. Kura ya mbunge ni sababu halali ya kumwondoa, tena huenda ndiyo halali kuliko zote, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyomtuma. Lakini siku utakapokasirika, usihesabu waliokasirika nawe tu. Hesabu waliomtuma. Wahenga walisema wengi wape, nami naongeza kwamba kabla ya kuwapa, sharti tuhakikishe kuwa wao ndio wengi. Ijumaa ijayo tutaurudia mjadala ule, na safari hii sitakuwa mwamuzi. Nitaketi upande wa watetezi, nikiwa na hesabu zangu mkononi.