Dawa ya Kifafa Ikizidi Kipimo

Watu wengi hudhani kwamba sumu haina budi kuja na kishindo, mtu agaegae na kutokwa na povu hata majirani wakusanyike. Lakini dawa za kifafa zinapozidi kipimo, aliyezimeza aghalabu huanza kupepesuka kama mlevi, ulimi ukamwia mzito, mboni za macho zikatetemeka kila ajaribupo kukazia kitu macho, kisha usingizi ukamchukua, na ahali zake, kwa huruma, wakamfunika shuka wakisema mwacheni apumzike. Usingizi huo ni wa kutiliwa shaka sana. Fenobabitoni, ambayo imekuwa ikitibu maradhi haya tangu 1912 na ambayo kwa urahisi wa bei yake ingali tegemeo la mafukara, ikipita kiasi hulegeza pumzi taratibu mpaka ikaweza kuizima, na huchukua siku tatu, nne, hata tano, kabla nusu yake haijaondoka mwilini.

Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ina hila yake, kwani huzorotesha matumbo, ikabaki humo na kuingia damuni polepole, hivyo kwamba mgonjwa anayeonekana ana nafuu asubuhi aweza kuzimia jioni. Na zaidi ya hayo, dawa hii iliyokusudiwa kutuliza degedege, ikikithiri huleta degedege yenyewe, na hapo jamaa, wakiamini kifafa kimerudi, humwongezea kidonge.

Mimi naona asili ya balaa hili ni fedheha. Kwa kuwa kifafa husitiriwa kama aibu ya ukoo, vidonge navyo husitiriwa chini ya godoro au ndani ya kikopo cha chai, mahali ambapo mtoto atambaaye hufika kabla ya mtu mzima kukumbuka. Tena vimo katika kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 2" basi, bila jina la dawa. Anayevigawa dirishani hatoi hata neno moja juu ya dalili za kuzidiwa, ilhali kulisema kungemchukua muda mfupi kuliko kuhesabu vidonge hivyo. Sioni udhuru wa jambo hili, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Ama maziwa, ambayo kwetu hukimbiliwa kwa kila sumu, kumnywesha mtu aliyelemewa na usingizi ni kuyapeleka mapafuni. Na kumtapisha kwa nguvu kuna hatari iyo hiyo. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi pamoja na kibahasha chake, huko akalindwe pumzi na, tabibu akiona yafaa, apewe mkaa maalumu wa dawa. Aliyemeza kwa makusudi kwa dhiki ya nafsi naye apokewe vivyo hivyo, bila karipio. Wala asitokee mtu, kwa hofu ya haya niliyoyaandika, akavitupa vidonge vya mgonjwa wake, kwa maana dawa hizi zikikatwa ghafla, kifafa huweza kurudi mfululizo, mshtuko juu ya mshtuko, pasipo fahamu kurejea katikati.