Dozi Imeongezwa, Tezi Haijapimwa

Machi 2024, bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wake, ugomvi ulikuwa wa bei: ya dawa, ya kumwona daktari. Kilichoniudhi ni dawa kuhesabiwa kana kwamba kazi yake huishia dirisha la famasi. Kwa mgonjwa wa akili wa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, kulipiwa dawa bila kipimo cha tezi dundumio ni kulipiwa nusu ya tiba.

Lithiamu, moja ya dawa za magonjwa ya akili, huzuia tezi hiyo kutoa homoni zake, na baadhi ya wanaoitumia huvimba rovu. Kwetiapini hushusha kiwango cha thairoksini. Kabamazepini pia, ingawa mara nyingi bila madhara ya kuonekana.

Wapo watakaosema wilayani hutumika zaidi haloperidoli na klopromazini, zisizoisumbua sana tezi, na kwamba maabara zimeelemewa na malaria. Sawa.

Lakini aliyelazwa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, akaanzishiwa lithiamu, akipata nafuu anarudi wapi kama si wilayani? Shirika la Afya Duniani linataka dawa hiyo itolewe pale tu vipimo vya ufuatiliaji vinapopatikana. Kwa kawaida tezi hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi 6 hivi. Tezi ikidhoofu, mtu huchoka, hunenepa, husinzia, huhisi baridi, husahau, hukosa raha. Ndivyo alivyo mwenye sonona. Ndivyo alivyo pia aliyezidiwa na dozi. Jicho la tabibu haliwatenganishi. Damu ndiyo huwatenganisha. Asipopimwa, mmoja ataongezewa dawa za sonona, na mwingine, msimu wa korosho ukifika, ndugu watamwambia aache vidonge vinavyomlaza, kisha ugonjwa urudi kwa kishindo. Kumbe huenda alihitaji levothairoksini tu kila siku, huku akiendelea na lithiamu yake. Tena Lindi na Mtwara zimewahi kuburuza mkia kwa chumvi yenye madini joto, kwa hiyo tezi nyingine huenda zilichoka kabla ya dawa.

Sitaki tena kuambiwa kipimo hicho ni cha rufaa. Mtu aliyeishiwa nguvu hivyo hapandi basi kwenda Lindi mjini kuomba kipimo ambacho hakuna aliyemwambia kipo. Bima inayolipia kidonge ilipie na kipimo cha damu, na anayeandika lithiamu aandike tarehe ya kupima tezi kwenye kadi hiyohiyo.