Lengelenge la Mkimbiaji na Asili ya Kiwanda

Yako mazoea miongoni mwetu, wasomi na wasimamizi wa mipango kwa pamoja, ya kudhani kwamba utafiti wa kisayansi ni anasa inayokifuata kiwanda, kama vile mtu ajengavyo nyumba kwanza ndipo afikirie kupanda maua. Kiwanda hununuliwa, mitambo hufika ndani ya makasha, mafundi hufundishwa kuiendesha, na utafiti hungojea siku ambayo faida itapatikana. Makala haya yanakusudia kulipinga wazo hilo kwa kutumia historia ya kampuni moja ya Kijapani ya viatu vya riadha, ambayo leo yajulikana kwa jina la ASICS, na ambayo ilianza mwaka 1949 katika mji wa Kobe kwa jina la mwanzilishi wake, Kihachiro Onitsuka. Nimeichagua si kwa ukubwa wake, maana zipo zilizo kubwa kuliko hiyo, bali kwa sababu chanzo cha maarifa yake chaonekana wazi, na kwa sababu raba ni kitu ambacho karibu kila msomaji wa jarida hili amepata kukivaa.

Onitsuka alizaliwa mwaka 1918 katika mkoa wa Tottori. Wakati wa vita alikuwa afisa wa jeshi. Hakuwa mhandisi, hakuwa fundi wa viatu, wala hakuwa na mtaji wa kutajika. Vita vilipokwisha mwaka 1945 mji wa Kobe ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu, na vijana wengi walizurura katika masoko ya magendo. Rafiki yake mmoja, mtumishi wa idara ya elimu ya mkoa wa Hyogo, alimweleza kwamba michezo ingeweza kuwainua vijana hao, na kwamba wanamichezo walihitaji viatu.

Ushauri huo ulimkuta mahali pafaapo. Kobe ni bandari, na kampuni ya Dunlop ilikuwa imefungua kiwanda huko mwaka 1909, hata wenyeji wengi wakawa wamejifunza kupika mpira. Nasema “kupika” kwa makusudi. Utomvu wa mti wa mpira, ukikaushwa tu, hulainika na kunata wakati wa joto, na hukakamaa wakati wa baridi. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, huacha tabia hizo mbaya ukawa kitu chenye kunyumbulika na kurudi katika umbo lake. Leo twajua kwamba salfa hiyo huzifunganisha molekuli zake ndefu, moja kwa nyingine, kama nyuzi za wavu. Japani haina mashamba ya mpira. Utomvu wake uliletwa kwa meli kutoka Kusini-Mashariki ya Asia, na jambo hilo nitalirudia.

Onitsuka alishauriwa aanze na kiatu kilicho kigumu kuliko vyote kukitengeneza, yaani kiatu cha mpira wa kikapu, kwa hoja kwamba akishinda hapo, vingine vitakuwa vyepesi. Jozi zake za kwanza alizipeleka kwa mwalimu wa timu ya shule moja ya Kobe, naye akamwambia pasipo kumung'unya maneno kwamba vile vilifanana na ndara za majani. Mtu mwingine angeudhika akaondoka. Yeye alibaki kando ya uwanja siku baada ya siku, akiwaokotea wachezaji mipira na kuitazama miguu yao. Aligundua kwamba shida ya mchezaji wa kikapu si kukimbia. Shida yake ni kusimama ghafla, kisha kuondoka ghafla kuelekea upande mwingine, na soli za wakati ule zilimtelezesha.

Kisa kinachofuata husimuliwa mara nyingi. Siku moja ya kiangazi mwaka 1951 aliletewa chakula cha matango na pweza katika siki, akaviona vile vikombe vidogo vilivyopangana katika mnyiri wa pweza. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa jinsi pweza ashikavyo mwamba. Onitsuka aliitengeneza soli yenye mashimo yaliyofanana na vikombe hivyo, na wachezaji wakaacha kuteleza.

Lakini hapo msimulizi wa kawaida hukomea, nami naona amekomea kabla ya lililo bora. Soli ile ya kwanza ilishika mno. Wachezaji walisimama ghafla kuliko walivyotaka, miguu ikakwama sakafuni huku viwiliwili vikiendelea mbele, wakaanguka. Ikabidi kina cha mashimo kipunguzwe na kujaribiwa tena hadi kikapatikana kiasi kifaacho. Kumwona pweza katika sahani ni bahati, na bahati humjia yeyote. Kupunguza kina cha shimo, kumpa mchezaji kiatu, kumtazama, na kupunguza tena, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Msuguano kati ya soli na sakafu si kitu ambacho kikizidi kuwa kingi huzidi kuwa chema. Una kipimo chake, na kipimo hicho hakiandikwi katika kitabu cha maelezo ya mtambo wowote.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi. Wakimbiaji wa marathoni, mbio za kilomita 42 na mita 195, walikuwa wakimaliza wakiwa na malengelenge katika nyayo, na wengi waliamini kwamba malengelenge ni sehemu ya mbio kama jasho lilivyo. Onitsuka hakukubali. Alimwendea profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Osaka akamwuliza lengelenge ni nini. Alijibiwa kwamba ni kama jeraha la moto: unyayo hupigwa na kusuguliwa hata ukapata joto, na mwili hukusanya majimaji mahali hapo. Basi, akawaza, kinachotakiwa ni kuupoza mguu. Kwanza alijaribu maji, kama vile rejeta ya motokaa ipozwavyo, na jaribio hilo likashindwa, kwani mguu uliolowa huvimba na kiatu huwa kizito. Kisha akaitazama injini ya pikipiki, ambayo hupozwa kwa upepo tu. Akatoboa matundu mbele na ubavuni mwa kiatu, hata mguu ulipokanyaga ukaisukuma nje hewa ya moto, na ulipoinuka ukavuta ndani hewa baridi. Kiatu hicho, kilichoitwa Magic Runner, kilitoka karibu na mwaka 1960.

Yafaa niseme hapa, kwa faida ya wanafunzi, kwamba maelezo ya lengelenge aliyopewa Onitsuka hayakuwa kamili. Utafiti umekwisha onyesha kwamba kisa kikuu ni mvuto wa ubavu: ngozi ya juu hushikwa na kiatu, mfupa husogea mbele, na tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa huku na huku maelfu ya mara mpaka zikaachana, na nafasi hiyo ikajaa majimaji. Joto na unyevu huongeza madhara, hasa unyevu, maana ngozi yenye jasho hushikwa na soksi zaidi kuliko ngozi kavu. Hivyo matundu yale yalisaidia, kwa sehemu, kwa sababu ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia. Hilo halimpunguzii sifa. Nadharia iliyo nusu ya kweli, ikijaribiwa kwa uaminifu juu ya miguu ya watu, yaweza kuzaa chombo kizuri. Nadharia kamili iliyofungiwa kabatini haizai kitu.

Mwaka 1960 mjini Rome, Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, akikimbia miguu mitupu. Viatu alivyopewa vilimbana, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu. Kwa mwuza viatu hakuna habari mbaya kuliko hiyo. Juni ya mwaka 1961 Bikila alifika Japani kushiriki mbio za Mainichi mjini Osaka, na Onitsuka akamfuata hotelini. Yasimuliwa kwamba Bikila alimwambia haoni haja ya viatu, na Mjapani akamjibu kwamba barabara za Japani zina vigae na vipande vya chupa. Bikila alivaa, akashinda. Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki ya Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu vya kampuni ya Kijerumani ya Puma. Mteja huyo hakuwa wa kudumu. Nakitaja kisa hiki kwa kuwa sisi wa upande huu wa Afrika hupenda kukisimulia kama sifa ya mguu wetu. Ni sifa kweli. Lakini tuangalie pia nani katika mkutano ule alitoka na maarifa mapya aliyoweza kuyauza.

Onitsuka aliuita mtindo wake kwa jina la chombo cha seremala cha kutobolea, nasi twaweza kuuita mtindo wa keekee: nguvu zote hukusanywa katika ncha moja mpaka ubao utoboke. Mtindo huo ulivuka bahari kwa njia asiyoitarajia. Mwaka 1962 kijana wa Kimarekani, Phil Knight, alifika Kobe kuomba uwakala, na mwaka 1964 yeye na mkufunzi wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, wakaunda kampuni ndogo ya kuuza viatu vya Onitsuka huko Marekani. Bowerman hakuridhika na kuuza. Alivichanachana viatu vile kwa kisu, akawaandikia Wajapani kwamba mwili wa Mmarekani ni mrefu na mzito kuliko wa Mjapani, kwa hiyo mguu wake wadai umbo jingine na soli laini zaidi. Ushauri wake ulizaa kiatu cha Cortez. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pande mbili ziligombana hadi mahakamani, na mwaka 1974 hakimu aliziruhusu zote mbili kukiuza kiatu hicho, ila jina likabaki kwa Wamarekani, ambao kampuni yao tangu mwaka 1978 huitwa Nike. Wakala akawa mkubwa kuliko tajiri wake. Kwa maoni yangu, sababu mojawapo ni ile ile: alikichana kiatu aone ndani mna nini.

Mwaka 1977 Onitsuka aliiunganisha kampuni yake na nyingine mbili za vifaa na nguo za michezo, ndipo likazaliwa jina la ASICS, lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini yenye kuomba roho nzima ndani ya mwili mzima. Katika miaka ya 1980 ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa michezo mjini Kobe. Angalieni mpangilio wa miaka: maabara yenye vyombo vya thamani ilikuja baada ya zaidi ya miaka thelathini, lakini utafiti ulianza siku ile alipookota mipira uwanjani. Mwanzilishi alifariki mwaka 2007.

Sasa nawaomba wasomaji tuitoke Kobe tuje Morogoro, maana sisi pia tuliwahi kuwa na ndoto ya viatu. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu tatu kati ya nne ziuzwe Ulaya. Mitambo ilikuwa ya kisasa kuliko chochote alichokuwa nacho Onitsuka mwaka 1949. Hata hivyo hakikupata kamwe kufikia asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Zilitajwa sababu nyingi, za fedha za kigeni, za vipuri na za uongozi, nami sizikanushi. Lakini imo moja ambayo kila niikumbukapo hunichoma: kuta zake zilikuwa za alumini, na jengo halikuwekewa njia za kupitisha hewa zilizoifaa hali ya joto ya Morogoro. Mjapani alitafuta muda mrefu jinsi ya kuingiza hewa ndani ya kiatu. Sisi tulipokea jengo zima lisiloingiza hewa.

Wako watakaosema kwamba Japani ilikuwa tayari na mafundi wa mpira, na kwamba kulinganisha si haki. Ni kweli kuhusu mafundi. Kuhusu malighafi hoja hiyo yatugeukia sisi wenyewe: Japani haikuwa na mti hata mmoja wa mpira shambani, nasi tunayo mashamba ya Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro, bila kutaja ngozi za ng'ombe wetu. Tena ufundi wa kienyeji haukukosekana. Mtengeneza katambuga wa sokoni, akatae tairi kuukuu kwa kisu na kulipa gidamu zinazoshika, amekwisha jibu maswali kadhaa juu ya ugumu wa mpira na umbo la unyayo ambayo hakuna mtu wa chuo kikuu aliyewahi kwenda kumwuliza.

Kila mwaka huwaagiza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walete kiatu kikuukuu na kunieleza soli imelika wapi, na kwa nini hapo. Wengi huduwaa. Kwa miaka kumi na mitatu ya shule hawajapata kuambiwa kwamba swali la namna hiyo ni la fizikia.

Pendekezo langu kwa wenye kugawa fedha za utafiti ni dogo. Kalibu zitumikazo kuumbia viatu vingi tuvaavyo zilichongwa kwa vipimo vya miguu ya watu wengine, katika nchi nyingine. Yajulikana kwamba watu waliokua bila viatu huwa na unyayo mpana zaidi upande wa vidole, na watoto wengi wa vijijini wangali wakienda shule hivyo. Basi miguu yao ipimwe: urefu, upana, kimo cha upinde wa unyayo, kwa umri na kwa jinsia, katika shule chache za kila kanda, na matokeo yachapwe ili fundi yeyote, wa kiwandani au wa sokoni, aweze kuchonga kalibu kwayo. Vifaa vitakiwavyo ni karatasi, wino, rula na kanda ya fundi cherehani, pamoja na nauli za mabasi za wanafunzi sita kwa muhula mmoja.